Mguu Uliotangulia

Mguu wa kushoto wa Kiberiti ulivunjika kwa heshima zote, mchana kweupe, mbele ya mashahidi kumi na tisa, chini ya dirisha la bweni la pili. Mguu huo ulikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na mpaka saa ile ulikuwa ukishirikiana vizuri na mwenzake wa kulia katika mbio za mita mia moja. Siku hiyo ulikuwa umevaa shuka. Kiberiti alikuwa mzimu. Kiranja mkuu alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha akifua soksi, na mpango, uliopitishwa na bweni zima kwa kura, ulikuwa mzimu ushuke kutoka dirishani ukiomboleza, kiranja apige yowe, historia iandikwe.

Historia iliandikwa, ila kwa mwandiko mwingine. Mzimu ulichuchumaa juu ya kizingiti, ukajikaza, ukaruka, na kabla haujagusa ardhi kitu kikalia ndani ya goti, ta! kama kijiti kikavu. Kiranja hakuhangaika hata kugeuka.

"Kiberiti," alisema huku akikamua soksi, "shuka hilo ni la shule."

Daktari wa mifupa alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa miwani ya machoni, kisha kwa ya utosini, kisha akamtazama Kiberiti bila miwani yoyote.

"Unaona kipande hiki, chini kidogo ya goti? Hapa ndipo mkano wa msuli wa paja unapojishikiza. Si ardhi iliyouvunja mfupa wako, kijana. Ni msuli wako mwenyewe. Ulipojikaza kuruka, ulivuta kuliko mfupa ulivyoweza kuvumilia, ukang'oka na kipande."

"Kwa hiyo nina nguvu," alisema Kiberiti.

"Una nguvu na huna akili. Kipande nimekirudisha mahali pake. Utakaa na plasta wiki sita, kutoka kwenye paja hadi kisigino, goti limenyooka. Katika wiki hizo msuli wa kushoto usijikaze hata mara moja. Kipande kikivutwa tena hakitashika, na ukikimbilia chochote tena maishani mwako, njoo unionyeshe, nitakupigia makofi."

Hapo utani ulimtoka Kiberiti kinywani kama jino. Baada ya miezi minne kungekuwa na mchujo wa timu ya wanariadha wa shule. Tangu darasa la tano hakuwa na kitu kingine kilichomfanya asimame kwenye mstari mmoja na watu wenye akili. Hesabu zilimshinda, kuimba kulimshinda, hata kunyamaza kulimshinda. Kukimbia tu ndiko hakukumshinda.

Akapelekwa kuuguzwa kwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyekuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ileile. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele alikaa binti wa shangazi, fundi cherehani, aliyemzidi Kiberiti miaka sita na akapenda kumkumbusha. Chumba cha kati, chenye pazia badala ya mlango, akapewa mgonjwa: kitanda cha mbao, dirisha la kuangalia ukuta wa jirani, na kigoda kigumu cha kuwekea mguu wa plasta. Mchana kutwa ulisikika mlio wa cherehani. Ukinyamaza, nyumba nzima ilinyamaza.

Wiki ya kwanza Shangazi alimpeleka kwenye chumba chake cha kazi hospitalini. Kulikuwa na kitanda chenye godoro la kijani lililochakaa pale visigino vinapokaa, vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea, mifuko midogo ya mchanga, na mashine ndani ya sanduku la mbao ambayo Shangazi aliifunika kwa kitambaa cha maua kama mtoto aliyelala. Alimbandika Kiberiti vibandiko viwili vyenye nyaya kwenye paja la kulia, lile zima, akamfunga mkanda kifundoni, akabonyeza kitufe. Paja liliruka lenyewe.

"We!" Kiberiti alishtuka. "Nani kalituma?"

"Mimi," alisema Shangazi. "Tulia." Kalamu ya mashine ilikuwa imechora mlima mdogo kwenye karatasi. "Alama hii ya chini ni wakati nilipobonyeza. Mlima huu ni msuli wako unavyosinyaa na kulegea. Angalia unavyopanda, wima kama ukuta. Una nyuzi nyingi za haraka, baba. Zinawaka upesi, zinazima upesi."

"Ndiyo maana naitwa Kiberiti."

"Waliokupa jina hawakuhitaji mashine." Shangazi aliandika tarehe pembeni ya mlima. "Sasa sikiliza. Msuli kama huu ukiufanyisha kazi ya uzito wiki kadhaa, mlima unarefuka, unapanda kwa kasi zaidi, na zile nyuzi zinazochoka upesi zinajifunza kuvumilia kidogo. Lakini nyama yenyewe haiongezeki mara moja. Kinachobadilika kwanza ni amri inayotoka huku." Akamgonga utosini kwa kalamu. "Na huku hakuna ukuta mnene kati ya kulia na kushoto. Tukiufanyisha kazi mguu wa kulia, wa kushoto unasikia. Ndiyo sababu utafanya mazoezi kwa mguu mzima, ili ule mgonjwa usinyauke sana ndani ya plasta."

"Unasikia vipi wakati umelala?"

"Kama mtu wa chumba cha pili anavyosikia redio."

Kiberiti aliutazama mguu wa plasta. Ulikuwa umetulia juu ya godoro, mweupe, mnene, wenye uso wa mtu asiyesikiliza.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne asubuhi, akae ukingoni mwa kitanda huku mguu wa plasta ukiwa juu ya kigoda. Afunge mfuko mmoja wa mchanga kwenye kifundo cha kulia, aunyooshe mguu taratibu mara nane, apumzike dakika tatu, arudie, mizunguko mitatu. Wiki ya nne, mapumziko matupu. Shangazi aliyaandika hayo kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akaenda kazini akiwa na imani na binadamu.

Kiberiti alichukua daftari la historia, akaligeuza nyuma, akaandika utaratibu wake mwenyewe. Kila siku badala ya siku tatu. Mifuko mitatu badala ya mmoja. Miwili ya ziada alishonewa na binamu yake kwa vipande vya kitambaa cha sare baada ya kumwambia kwamba Shangazi kaagiza. Kunyoosha taratibu akakufuta kabisa. Yeye angerusha mguu kwa kishindo, kama anayetoka kwenye vibao vya kuanzia mbio. Wiki ya nne akaandika mara kumi, na pembeni ya neno mapumziko akaandika: ya wazee. Daftari likalala chini ya godoro.

Na kwa kuwa msuli wa haraka hauna maana bila mlio wa kuanza, akajitafutia bastola. Aliinama ukingoni mwa kitanda, akajisemea kwa sauti nzito ya mwalimu wa michezo, "Tayari..." kisha akagonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole. Ko! Mguu wa kulia ukaruka na mifuko yake mitatu. Tayari... Ko! Mara nane. Dakika tatu. Mara nane tena.

"Unagongagonga nini huko?" aliuliza binamu kutoka kwenye cherehani.

"Natibiwa, dada."

Baada ya siku kumi na nne Shangazi alimpima tena. Mlima ulikuwa umepanda kwa karibu sehemu moja ya tano, na upande wa kupandia ulikuwa mkali zaidi. Shangazi aliweka karatasi mbili pamoja akazitazama kwenye mwanga.

"Upesi mno," alisema.

"Damu ya ukoo, Shangazi."

"Mimi ni wa ukoo huohuo na nikipanda ngazi napumzika mara mbili."

Alhamisi ya wiki ya tatu binamu alikuwa na mteja, mwalimu mmoja mnene aliyekuja kupimwa gauni. Kiberiti aliona haya kurusha mguu na kugonga kitanda huku mgeni akihema nyuma ya pazia, kwa hiyo akaamua kuahirisha. Alilala chali na kitabu kifuani, plasta juu ya kigoda. Saa ya ukutani kule mbele ilikuwa inakaribia saa nne.

Ko.

"Karibu!" aliitikia binamu.

Ko.

"Karibu, mlango uko wazi!"

Ko. Ko. Kiberiti naye alisikiliza, akisubiri kusikia mlango. Ilimchukua mpaka kishindo cha tano kugundua kwamba ubao unaogongwa uko karibu sana, na cha sita kugundua kwamba anausikia kwa mguu kabla ya kuusikia kwa masikio. Alisogeza kitabu. Kisigino cha plasta kilinyanyuka juu ya kigoda kiasi cha unene wa kidole, kikaanguka. Ko. Kikanyanyuka tena. Ko. Nane. Kikatulia.

Alikitazama bila kupepesa macho. Hakuwa amekitaka kitu kile. Hakuwa ameagiza chochote. Alijaribu kukumbuka kama aliwaza hata kidogo juu ya kunyanyua mguu, na akakumbuka alikuwa anawaza juu ya maandazi.

Zikapita dakika ambazo hakuzihesabu. Kisha, ko. Saa ya ukutani ilikuwa imesogea dakika tatu kamili.

Pazia lilifunguliwa kwa nguvu. Binamu alisimama hapo na pini midomoni na mkanda wa kupimia shingoni.

"Mteja wangu ameinuka mara mbili kwenda kumfungulia mlango mgeni asiyekuwepo," alisema kupitia pini. "Mtu mzima, na presha yake. Kuna raha gani?"

"Dada, si mimi. Ni mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa kwangu, lakini si mimi."

Binamu alitoa pini moja moja. Lazima isemwe, kwa haki, kwamba alikuwa na sababu. Siku ya pili tu ya ugonjwa wake Kiberiti alipiga kelele, "Mguu umekatika!" na Shangazi akaacha sufuria ya maharage jikoni, akateleza, akafika akichechemea na kumkuta mgonjwa amejifunika shuka usoni akitetemeka kwa kicheko. Shuleni, muhula mzima, ndiye aliyekuwa anagonga sakafu ya chumba cha viranja kwa fimbo ya ufagio mpaka wawili wakaomba kuhamishwa. Mgongaji mashuhuri kuliko yeye hakuwepo.

"Gonga tena," alisema binamu, "nakushona kwenye godoro."

Kesho yake aligonga. Yaani mguu uligonga. Mizunguko mitatu ya nane nane, dakika tatu katikati. Kiberiti alikaa kitandani mikono ikiwa chini ya makalio kama aliyekamatwa, akaangalia kisigino chake mwenyewe kikifanya kazi. Hakikuharakisha wala kuchelewa. Kilikuwa na bidii ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuiona kwa Kiberiti.

Aliacha mazoezi yake yote. Mguu wa kulia ukapumzika. Wa kushoto haukupumzika. Aliweka mto juu ya kigoda, na mlio ukawa mzito na wa chini, kama moyo wa mtu mwingine. Aliulalia mguu kwa mkono na kifua, akaubana, na akahisi chini ya plasta msuli unajikusanya, unakuwa mgumu kama jiwe, unaachia, unajikusanya. Bila kunyanyuka sasa, lakini ukihesabu. Na kila ulipojikusanya, chini ya goti, pale daktari alipoweka kidole kwenye picha, kitu kilivutika kama uzi unaotaka kufumuka.

Jumatatu ilianza wiki ya nne. Saa nne kamili mguu ulianza, na Kiberiti akahesabu kwa sababu hakuwa na la kufanya. Saba. Nane. Alivuta pumzi ya kupumzika.

Tisa.

Kumi.

Karatasi ya ukutani ilisema mapumziko. Kumi iliandikwa mahali pamoja tu, chini ya godoro, nyuma ya daftari la historia, na hakuna aliyekuwa amelisoma daftari lile ila yeye. Na, ilivyoonekana, mguu.

Alilichomoa daftari, akachana ukurasa, akautafuna na kuumeza, kama walivyofundishana bwenini kuhusu ushahidi wa aina zote. Siku iliyofuata mguu ulifanya kumi.

Siku hiyo Shangazi alirudi mapema kula chakula cha mchana, akamkuta Kiberiti hajagusa sahani. Hilo lenyewe lilimtisha. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Unaumwa wapi, baba?"

Kiberiti alimwambia yote. Mifuko mitatu, kila siku, kishindo, bastola ya kidole, wiki aliyoifuta, ukurasa alioumeza. Alipofika kwenye mguu unaogonga wenyewe, aliona uso wa Shangazi unafunga mlango taratibu.

"Mifuko nakuamini," alisema Shangazi. "Huo ni ujinga wa kwako kabisa. Lakini huo mguu..."

"Shangazi, naapa."

"Uliapa pia siku ya maharage."

"Basi usiniamini mimi. Upime. Wewe si unapima?" Sauti ilimkatika, na haikuwa ya kuigiza; binamu aliyekuwa nyuma ya pazia alisimamisha cherehani. "Kipande kinavutika. Nakihisi. Siwezi kukaa tu nahesabu mpaka kikatike."

Kesho yake Shangazi hakwenda kazini asubuhi. Saa nne kasorobo alimlaza Kiberiti chali kitandani, plasta juu ya kigoda walichokisogeza mwishoni, mguu mzima juu ya godoro. Kisha akafanya jambo dogo: alipitisha kiganja chake chini ya kisigino cha kulia, akakiacha hapo.

"Huo ni mguu mzima," alisema binamu kutoka mlangoni. "Anayesingiziwa ni yule mwingine."

"Najua ninachofanya. Mtu akilala, hawezi kunyanyua mguu mmoja bila kukandamiza chini kwa ule wa pili. Hata akiwa mwongo hodari, hawezi. Nimewakamata hivi watu wazima waliotaka ruhusa ya kutokwenda kazini." Alimtazama Kiberiti. "Ukiwa unaunyanyua wewe, kisigino hiki kitanielemea. Mwili haujui kutania."

Walingoja. Saa ya ukutani ilisikika kutoka chumba cha mbele.

Ko.

Shangazi aliinama. Ko. Macho yake yalikuwa kwenye kiganja chake, siyo kwenye plasta. Ko. Ko. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelala mkononi mwake chepesi na vuguvugu, kama cha mtoto aliyesinzia. Ilipofika saba Shangazi aliuchomoa mkono, akaupangusa kwenye gauni, ingawa haukuwa na chochote. Kumi.

"Mama," alisema binamu kwa sauti ndogo. "Imekuelemea?"

"Hapana."

Dakika tatu zikapita, wote watatu wakiwa wamesimama au wamelala palepale walipokuwa, na mguu ukaanza mzunguko wa pili mbele ya watazamaji wake kana kwamba haujali kuonekana.

Mchana huo walikuwa hospitalini. Picha mpya ilionyesha kipande kimesogea milimita mbili. Daktari alishusha miwani ya utosini.

"Misuli iliyofungwa huruka-ruka," alisema. "Nitamwandikia vidonge. Lakini kikisogea kama hivi tena, tumekipoteza."

"Huruka-ruka kwa kumi kumi, daktari?" aliuliza Shangazi.

"Nani anahesabu?"

Shangazi alimtazama Kiberiti, Kiberiti akatazama dari. Vidonge vilimlaza usingizi kesho yake hadi saa sita. Alipoamka, binamu alimsimulia kwamba yeye mgonjwa alilala vizuri sana. Mguu ulifanya mizunguko yote mitatu.

Hapo Shangazi alifunga mlango wa mbele, akageuza kibao cha binamu kiseme pamefungwa, akawaita wote chumba cha kati.

"Hatuwezi kuuambia usisikie," alisema. "Umeshasikia. Lakini tunaweza kubadilisha redio. Wewe uliufundisha kuwaka. Hukuufundisha kuzima. Msuli una kazi mbili, kusinyaa na kulegea, na wewe ulisomea moja ukaitoroka nyingine, kama kawaida yako."

Kwa hiyo kila asubuhi, dakika kumi kabla ya saa nne, mguu wa kulia ulianza kazi mpya. Bila mfuko, bila kishindo, bila bastola. Binamu alihesabu: nne za kunyoosha, nane za kushusha, kisha kuachia kabisa mpaka Shangazi akiutikisa mguu, paja litikisike kama maji kwenye kiriba. Chini ya kisigino cha plasta Shangazi alilaza ukanda wa karatasi. Kila mara binamu aliuvuta kidogo. Ukija, mguu uko juu. Ukigoma, umetulia.

Siku ya kwanza karatasi ilikuja bila ubishi. Saa nne ilipogonga, mguu wa kushoto ulianza kumi zake kwa hasira, ko, ko, ko, huku wa kulia ukishuka polepole kando yake, na Kiberiti akawa katikati kama mtu aliyeshikwa mikono na ndugu wawili wanaogombana. Maumivu ya chini ya goti yalimtoa jasho.

"Tano, sita, saba," binamu alihesabu. "Usisimame. Nane. Achia. Achia, mdogo wangu."

Siku ya tatu mguu ulichelewa kuanza. Siku ya tano uligonga mara moja tu. Kisha ukanyanyuka tena, na badala ya kuanguka ukashuka, taratibu, kwa hesabu ya nane, ukatua juu ya kigoda bila mlio wowote. Hilo lilimtisha Kiberiti kuliko kugonga. Lakini chini ya goti hapakuvutika kitu.

Siku ya saba karatasi iligoma. Ikagoma ya nane, ikagoma hadi wiki ya sita. Binamu aligeuza kibao chake, na cherehani ikaanza kulia.

Plasta ilikatwa asubuhi ya Ijumaa. Picha ilionyesha kipande kimeshika. Daktari alimpa Kiberiti mkono kama mtu mzima na kusema sasa atauona mguu wake umekonda kama fimbo, asilie, wote hukonda.

Haukuwa umekonda. Ulilala kwenye godoro la kijani, umepauka, ngozi ikitoka magamba, na paja limejaa. Binamu, aliyekuja kumbebea magongo, alivua mkanda shingoni bila kuombwa. La kulia, sentimita arobaini na tisa. La kushoto, hamsini na moja.

"Pima tena," alisema Shangazi.

"Sipimi mara mbili," alisema binamu. "Sijawahi kukosea paja." Lakini alipima tena. Hamsini na moja.

Daktari alipokwenda, Shangazi aliondoa kitambaa cha maua kwenye mashine. Alipima wa kulia kwanza. Mlima wake ulikuwa mrefu kuliko wa mwanzo, mkali, mzuri. Kisha akahamishia vibandiko kwenye paja la kushoto, akapunguza umeme kwa ajili ya mfupa, akabonyeza kitufe mara moja.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Binamu alisogea, akachungulia juu ya bega lake.

"Mbona mlima umeanza nyuma ya alama?" aliuliza. "Si alama ndiyo inatangulia? Ulipobonyeza ni hapa, na mguu umeruka... hapa. Kabla."

"Mashine imezeeka," alisema Shangazi.

Hakubonyeza tena. Aliichana karatasi, akaikunja mara nne, na badala ya kuiweka kwenye faili akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

Kiberiti alirudi shuleni akitembea, na baada ya wiki nyingi za ruhusa ndogondogo akaruhusiwa kukimbia. Alikuwa na kasi kuliko zamani. Kila mtu aliona. Kiranja mkuu mwenyewe, bila soksi mkononi, alisema kwamba timu bila Kiberiti si timu. Siku ya mchujo ilifika, saa nne asubuhi, uwanja umechorwa chokaa mpya. Kiberiti aliinama kwenye vibao, vidole kwenye mstari, mguu wa kushoto mbele.

"Shikeni nafasi," alisema mwalimu wa michezo.

Utulivu. Jua shingoni. Aliomba kimoyomoyo, na hakumwomba mwalimu; aliuomba mguu.

"Tayari..."

Mguu ulikwenda. Ulimvuta naye hatua mbili, akaanguka kwa viganja juu ya chokaa, na nyuma yake hakuna mlio wowote uliokuwa umesikika.

"Kiberiti! Onyo la kwanza. Rudi."

Alirudi. Aliupapasa ule msuli, akaunong'oneza kama binamu alivyokuwa akimnong'oneza: achia, achia. Ulikuwa laini kabisa. Aliweka vidole kwenye mstari.

"Tayari..."

Wenzake walikuwa wamezoea utani wake, kwa hiyo wakacheka wote kwa pamoja walipomwona amefika mbele peke yake, amesimama, anautazama mguu wake.

"Nje!" alifoka mwalimu. "Hata leo? Hata leo, wewe mtoto, umeona ni siku ya mchezo?"

"Si mimi, mwalimu."

"Ni nani?"

Kiberiti alifungua mdomo. Aliwatazama wote waliokuwa pale, wale kumi na tisa wa dirishani wakiwemo, wakisubiri kwa furaha jibu la kuchekesha. Akaufunga mdomo, akaenda kukaa kwenye benchi la mbao pembeni ya uwanja.

Alikaa hapo peke yake, mikono yote miwili ikilibana paja la kushoto. Bastola ililia, wengine wakakimbia. Chini ya viganja vyake msuli ulijikusanya, ukaachia, ukajikusanya. Alihesabu mpaka kumi na mbili; hakukuwa na kumi na mbili kwenye ukurasa alioumeza. Kisha ukatulia. Alijua ana dakika tatu, na katika dakika hizo alikaa kwa amani kidogo, akitazama vumbi likishuka kwenye mstari wa mwisho.

Ilikuwa katika dakika ya pili alipohisi kiatu chake cha kulia kinainuka kutoka kwenye nyasi. Taratibu, kwa hesabu ya nne. Kikakaa juu kidogo, kisha kikaanza kushuka.

Hakuwa amekiagiza. Akahesabu hadi nane.